Kinyonga Ndani ya Kivungulio

 Juma hili tunawaandikia kutoka Kongo, mtaa ulio Kawangware, hapa Nairobi, ambako tumekuwa tukisomesha madrasa kwa miaka kadhaa. Habari tuliyo nayo ni ya kiumbe mdogo na kibanda cha plastiki. Hata hivyo imetufunza jambo ambalo vitabu vyetu vilikuwa vimetuambia zamani, nasi tukalipita bila kulitia moyoni.

Ilikuwa katika msimu wa masika. Watoto wetu walipotoka chuoni walimkuta kinyonga, yule ambaye wazee wetu wa pwani humwita lumbwi, juu ya ua wa kayaba. Alikuwa dume mwenye pembe tatu usoni. Mara wakaanza kumrushia mawe. Mama mmoja jirani yetu, mjane mwenye watoto wanne, alitoka mbio, akamfunika kwa kanga na kumwondoa. Nyuma ya chumba chake alikuwa na kivungulio kidogo, au grinihausi kama waiitavyo wauzaji, alichokinunua kwa bei nafuu ili aoteshe miche ya sukumawiki na mnavu ya kuuza. Akamtia kinyonga humo, akafunga zipu, akashukuru kwamba amemwokoa.

Asubuhi ya pili, katikati ya somo, mwanawe alisimama mlangoni. "Maalim, mama anasema uje. Kinyonga anataka kufa."

Tulimjibu kwamba tutakwenda tukimaliza darasa. Tunalisema hili bila ya kujificha, kwa sababu saa ile moja ilikuwa nzito kwa kiumbe yule kuliko tulivyodhani. Tulipofika, jua lilikuwa limekaribia utosi. Kinyonga alikuwa amegeuka rangi, kijani chake kimepauka mno, kinywa kimeachama, naye amejishikilia kwenye bomba la chini kabisa kama atafutaye mahali pa kutokea. Baadhi ya akina mama waliokusanyika walisema ni sihiri, wakatutaka tumsomee. Tulipoingiza mkono ndani tuliujua ugonjwa wake mara moja: mlikuwa na joto kama la tanuri. Tukafungua zipu, tukamtoa na kumweka kivulini juu ya tawi, na mama yule akawa akinyunyiza maji juu ya majani. Baada ya muda akaanza kuyaramba matone. Ilipofika Alasiri kijani chake kilikuwa kimerejea.

Basi tueleze kwanza kilichomsibu. Vivungulio hivi vidogo hujengwa kwa mabomba membamba ya chuma yanayounganishwa kwa viungo vya plastiki. Huwa na rafu tatu au nne za waya, na juu yake huvishwa gamba la plastiki angavu lenye zipu mbele. Mtu mmoja aweza kukisimamisha kwa nusu saa bila ya fundi. Kazi ya gamba lile ni kuruhusu mwanga uingie na kuzuia hewa ya moto isitoke. Kwa mche, asubuhi ya baridi, hiyo ni neema. Lakini jua likipanda na zipu ikiwa imefungwa, joto la ndani hupita la nje kwa kiasi kikubwa, na kadiri kibanda kilivyo kidogo ndivyo kinavyopata moto upesi. Mche hunyauka. Mnyama asiye na mahali pa kukimbilia huokwa.

Na kinyonga huyu si mtu wa joto. Yule wa pembe tatu, ambaye wataalamu humwita kinyonga wa Jackson, ni mzaliwa wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Alielezwa katika vitabu vya elimu mwaka 1896, akapewa jina la Frederick Jackson, Mwingereza aliyekuja kuwa Gavana wa Uganda. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ni nchi yake ya asili. Kabla ya mabati na maghorofa alikuwapo. Hata jina la Kibra, ambalo leo twaliita Kibera, katika lugha ya ndugu zetu Wanubi lilikuwa na maana ya msitu. Mabaki ya msitu huo bado yapo upande wa barabara ya Ngong, na katika nyua za miti baina ya mitaa yetu na ile ya matajiri.

Kiumbe huyu amezoea mchana wa wastani na usiku wa baridi. Asubuhi huwa mweusi-mweusi, akaelekeza ubavu wake juani ili apate joto. Akisha kushiba jua huwa mwangavu, akaingia kivulini. Waarabu wa kale, waliomwita hirbaa, walimjua kwa tabia hii ya kulifuata jua. Watu wengi hudhani hubadili rangi ili afanane na kila anachokikalia. Ukweli ni kwamba rangi zake kwa sehemu kubwa ni habari za hali yake: ana baridi, ana joto, amekasirika, anaogopa, anamtaka mke. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, waliomchunguza kinyonga wa Madagaska, walieleza kwamba ndani ya ngozi yake mna chembe ndogo mno za fuwele. Chembe hizo zikikaribiana au kuachana, mwanga huakisiwa kwa rangi nyingine. Subhanallah! Yule aliyepauka mbele yetu alikuwa akisema kwa ngozi yake kwamba anaungua, nasi hatukuijua lugha hiyo.

Maji hayanywi bakulini. Hunywa matone ya umande na mvua juu ya majani, na bakuli la maji laweza kukaa mbele yake hali yeye akafa kwa kiu. Chakula chake ni panzi, nzi na wadudu wengine walio hai, anaowanasa kwa ulimi mrefu kupita kiwiliwili chake. Jike wa Jackson hatagi mayai kama kinyonga wa kwetu pwani, bali hubeba mimba miezi kadhaa, akazaa watoto walio hai, aghalabu zaidi ya wanane kwa mara moja.

Sasa, watoto wa mtaa walipomwona amepona walitaka abaki. Kijana mmoja aliyesoma alituambia kwamba ng'ambo, Marekani na Ulaya, wapo watu wanaofuga vinyonga wa namna hii uani mwao, tena ndani ya vivungulio vya bei nafuu kama hiki. Tukastaajabu: mama yule amefanya hivyo na mnyama karibu afe, wao wanawezaje? Jawabu ni kwamba wao wanachukua mifupa ya kivungulio tu, na gamba la plastiki wanaliondoa.

Tueleze wanavyofanya, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo hata kwa asiyefuga chochote. Mahali pa plastiki huweka wavu mgumu wenye matundu madogo, ili hewa ipite pande zote, kucha zisinase na wadudu wa chakula wasitoroke. Mwenye kujua kushona aweza kuikata plastiki, akaibakisha pindo yenye zipu, na kuushonea wavu hapo ili mlango ubaki. Rafu za kati huondolewa, kwa sababu kinyonga hupanda juu na kushuka chini siku nzima kulingana na joto. Ndani hutiwa miti hai katika vyungu, kama haibiskasi, pamoja na vijiti vya unene wa kidole vilivyolala kwa mapana na kwa mshazari. Sehemu moja ya juu huachwa wazi kwa jua, na sehemu nyingine hufunikwa ili kivuli kisikosekane saa yoyote. Kopo lenye tundu la sindano huning'inizwa juu, maji yakadondoka polepole juu ya majani.

Tena mifupa hiyo ni myepesi, na upepo mmoja waweza kuiangusha. Kwa hiyo huikandamiza kwa matofali chini na kuifunga ukutani. Miguu yake huweza kusimamishwa ndani ya makopo ya maji ili siafu wasipande. Akina mama wa zamani wanaijua hila hii, maana ndivyo walivyolilinda kabati la chakula na sisimizi. Paka na kunguru huzuiliwa kwa wavu wa waya, kwani ule wa nailoni huchanika. Majani yaliyopuliziwa dawa ya wadudu hayaingizwi kabisa, na madume wawili hawawekwi pamoja, maana hata kuonana tu huwatia dhiki.

Ukiyapanga yote hayo utaona yana shina moja. Kinyonga aliye mtini ana hiari: akiona joto husogea, akiona kiu huyatafuta majani yenye umande, akiona adui huzunguka upande wa pili wa tawi. Anayemfungia humnyang'anya hiari hiyo yote kwa zipu moja. Basi akitaka kusalimika na dhulma, hana budi kuirudisha ndani ya kizimba: jua na kivuli, juu na chini, tone na ukavu, kuonekana na kujificha. Asiyeweza kuirudisha asifunge.

Dini yetu imelisema hili kwa pande zote mbili. Imepokewa na Bukhari na Muslim habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hata akafa, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Na imepokewa na hao hao habari ya Abu Umayr, nduguye mdogo Anas bin Malik, aliyekuwa na kidege chake, naye Mtume (s.a.w.) akimfanyia mzaha kwa kumuuliza habari za kidege hicho, wala hakumkataza. Mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, Ibn al-Qass, aliandika risala nzima juu ya hadithi hii fupi, na miongoni mwa mafunzo ambayo wanazuoni wameyatoa humo ni kujuzu kwa mtoto kuwa na ndege, madhali hateswi. Mama jirani yetu, Mungu amlipe heri, alikuwa na nia ya Abu Umayr. Kwa kutojua, alikaribia kutenda tendo la yule mwenye paka. Nia njema haikuipunguza moto plastiki ile.

Palikuwa na neno jingine la kutuchoma zaidi. Tulimwita mtoto aliyerusha jiwe la kwanza, tukamuuliza sababu. Akatutazama usoni, akasema, "Maalim, si ndiye yule mjusi uliyetusomesha kwamba tumuue?"

Kumbe jiwe lile lilitoka darasani kwetu. Tulikuwa tumeisoma mbele ya watoto habari ya mjusi aliyetajwa katika kisa cha moto wa Nabii Ibrahim (a.s.), tukapita bila ya kuwafafanulia ni mjusi gani. Aliyetajwa kule ni wazagh, huyu wa kutani ambaye watu humwita mjusi kafiri. Kinyonga ni hirbaa. Majina ni mawili na viumbe ni viwili, wala si haki kumtwika mmoja yaliyosemwa juu ya mwenziwe. Siku ya pili tulilifafanua hilo darasani, tukakiri mbele ya watoto kwamba kosa lilikuwa letu. Tunawaomba walimu wenzetu wa pwani nao watazame wanafunzi wao wamefahamu nini, maana nako vinyonga wanauawa kwa jina hilihili, au kwa hofu ya kwamba ni nuksi.

Siku ya tatu ulikuja mtihani. Alifika mtu asiyejulikana mtaani, akamwambia mama kwamba anamtaka kinyonga, akataja fedha zinazokaribia kodi ya chumba chake ya miezi miwili. Mama hakumjibu. Alijitanda buibui akaja kwetu, akakaa kizingitini.

"Shekhe," alisema, "kodi nimechelewa nayo. Mnyama huyu hana mwenyewe, nami ndiye niliyemwokoa. Fedha hii ni halali yangu au si halali?"

Tulimweleza tunayoyajua. Kwanza, mnyama huyu anaye mwangalizi katika sheria ya nchi. Sheria ya Kuhifadhi na Kusimamia Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga wala kumuuza mnyama wa porini bila ya kibali, na anayesimamia mambo hayo ni Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS. Pia kinyonga wa Jackson yumo katika orodha ya mkataba wa mataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe baina ya nchi na nchi. Asidhani mtu kwamba udogo wa mnyama ni kinga. Mwezi wa Mei 2025 mahakama hapa Nairobi iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000. Ikiwa mdudu ana hukumu hiyo, kinyonga je?

Pili, tulimsimulia kisa cha Hawaii. Mwaka 1972 mfanyabiashara mmoja wa wanyama katika mji wa Kaneohe alipelekewa vinyonga wa Jackson kutoka Kenya. Walifika wamedhoofika kwa safari, akawaachia uani mwake wapate nafuu. Wakatambaa wakaenda zao. Leo kizazi chao kimeenea visiwani huko, wakila wadudu na konokono wa asili wasiopatikana pengine popote duniani, na serikali ya huko imewahesabu kuwa wanyama waharibifu. Kiumbe aliye pambo kwenye ua wa kayaba wa Kongo amegeuka balaa kwenye miti ya watu wengine, wala kosa si lake. Huko ndiko inakoanza njia ya fedha za mgeni yule, na hakuna ajuaye inakoishia.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi amrudi kwao." Akainuka.

Wasomaji wetu, nasihi ile ilitoka kinywani mwetu bila ya gharama. Aliyeilipa ni yeye, kwa kodi ya miezi miwili. Hatukuwa na fedha ya kumpa badala yake. Tulimwendea mwenye nyumba, tukaomba ampe muda, naye akampa hadi mwisho wa mwezi. Hilo tu ndilo tuliloweza, wala hatulitaji kwa kujisifu. Tunalitaja ili mjue kwamba uadilifu kwa kiumbe mdogo mara nyingi hubebwa na mtu mnyonge, na aliye na nafasi asikae akamsifu kwa maneno matupu.

Alasiri ile tulimchukua kinyonga juu ya tawi lake hadi upande wa pili wa ua uleule, palipo na miti minene na watoto hawapiti. Alipanda taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, jicho moja likitutazama na jicho la pili likitazama mbele. Mtoto aliyerusha jiwe ndiye aliyelishika tawi. Hakusema neno, ila alikataa kuondoka mpaka kinyonga alipotoweka majanini.

Kivungulio nacho kimebadilika. Mama ameikunja plastiki na kuiweka kwa miezi ya baridi, na mahali pake ameshona wavu. Miche yake haiungui tena, na kuku hawaifikii. Hakuna mnyama ndani yake.

Kwa akina mama na akina baba wa pwani tunaongeza haya. Joto la kwenu ni kubwa kuliko letu, basi plastiki iliyofungwa hapo ni hatari maradufu, hata kwa vifaranga wa kuku na sungura ambao baadhi ya watu huwatia humo. Kinyonga wenu hutaga mayai ardhini, kwa hiyo mkimwona jike ameshuka chini akifukua udongo, msimsumbue wala msimrudishe mtini. Akionekana uani, mwacheni, naye atawala nzi na panzi wenu bila ya malipo. Mkimkuta amejeruhiwa, mwekeni kivulini penye hewa, mnyunyizieni majani maji, kisha waarifuni KWS. Na watoto wakitaka kumtazama, wakaeni naye mbali kidogo, wamtazame anavyolifuata jua. Hilo ni somo lisilohitaji kizimba.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) atujaalie kuwa waangalizi wema wa kila alichokiweka chini ya mikono yetu, amfungulie mama yule milango ya riziki, na atusamehe sisi tuliosomesha nusu ya habari tukaiacha nusu. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.